Mtoto aliyepanda Nyiragongo akiwa kitini, na baba asiyeamini tena picha

SWALI. "Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Goma, kartie Katindo. Kijana mmoja anayetengeneza simu karibu na kwetu ameleta kaske ya uhalisia pepe (VR), ile inayofunika macho. Watoto wanalipa kidogo, wanaivaa, wanatazama. Mwanangu wa miaka 8 alionyeshwa filamu ya juu ya Nyiragongo. Siku chache baadaye nikamsikia akiwasimulia wenzake kwamba aliupanda mlima na kwamba joto la lava lilimchoma usoni. Hakuwa anatania. Baba yake naye amekwenda upande mwingine kabisa: picha yoyote ya vita ikiingia kwenye simu yake, hata ikitumwa na shemeji yake aliye kijijini, anasema 'hiyo ni akili mnemba' na kuifuta. Mmoja anaamini yasiyompata, mwingine haamini yaliyowapata watu. Kati yao ni yupi anitie wasiwasi? Halafu kijana mwenye kaske ameomba kuja shuleni kwetu. Tumkubalie?"

JIBU. Mama Mwalimu, jibu fupi ni hili: wa kukutia wasiwasi ni baba. Mtoto wa miaka 8 anayechanganya alichokiona, alichosimuliwa na alichokiota hana ugonjwa. Ndivyo umri ule ulivyo, na ukimwelekeza kidogo atakaa sawa. Mtu mzima aliyekata shauri kwamba hakuna tena picha inayoweza kumwambia neno, huyo ndiye kazi. Ila niruhusu nianze na mtoto, kwa sababu hilo joto la lava lina mengi ndani yake.

Kaske haina joto. Mle ndani mna skrini, lenzi mbili na vihisi vinavyofuata mwendo wa kichwa. Kila jicho linaonyeshwa picha yake, tofauti kidogo na ya jicho la pili, na ubongo unaziunganisha ili kupata umbali na kina, kazi ileile unayoifanya kila siku kwa macho yako mawili. Ukigeuza kichwa kushoto, mandhari inahamishwa kulia, tena upesi mno: watengenezaji hulenga isizidi milisekunde 20 hivi. Ikichelewa zaidi, ubongo unaushtukia mchezo. Hata isipochelewa, wengine tumbo huwachafuka, maana macho yanasema tunatembea na sikio la ndani linasema tumekaa kitini. Wala si kitu cha juzi. Ivan Sutherland aliunda kaske ya namna hii huko Marekani mwaka 1968, na vyuma vyake vilikuwa vizito hata ikabidi vifungwe darini. Kilichoifikisha Katindo ni skrini za simu kuwa rahisi.

Sasa tafuta katika vitu hivyo kinachotoa joto. Hakipo. Joto mwanao alilitia mwenyewe. Aliona wekundu unaochemka chini ya miguu yake, na mtoto gani wa Goma asiyejua kwamba lava inaunguza? Ubongo ukaziba pengo. Siku ileile angekuambia ukweli kama ungemuuliza, lakini siku zikipita kidogo mambo hubadilika, kwa sababu sisi binadamu tunakumbuka tukio vizuri zaidi kuliko tunavyokumbuka tulikolipata. Kama ni kwa macho, kwa hadithi, au kwa ndoto, hilo ndilo la kwanza kufutika.

Mwaka 2009 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford, Kathryn Segovia na Jeremy Bailenson, walichapisha jaribio linalofanana sana na la kijana wako wa simu. Watoto walipitishwa katika tukio ambalo halijawahi kuwapata, kama kuogelea na nyangumi. Wengine walisimuliwa tu, wengine waliambiwa wavute picha akilini, wengine walivaa kaske. Walipoulizwa baadaye, watoto wa umri wa shule ya msingi waliovaa kaske na kujiona wenyewe humo walidai zaidi kuliko waliosimuliwa kwamba kweli waliogelea. Hapo kila mtu anayehubiri dhidi ya mashine husimama na kushangilia. Asiharakishe: wale waliovuta picha akilini tu nao walidai hivyohivyo zaidi ya waliosimuliwa, na watoto wadogo kabisa, wa chekechea, walichanganya kwa njia yoyote ile. Bibi anayesimulia vizuri jioni anaweza kumpandisha mjukuu Nyiragongo bila umeme. Kaske inafanya kazi hiyo bila bibi, na kwa mtoto yeyote anayelipa.

Kwa hiyo usimwite mwongo, maana haongopi. Mwulize habari za mlima. Waliopanda kweli huanzia Kibati, wanatembea karibu nusu siku, na kilele kiko mita 3,470 juu ya bahari. Ukimkuta aliyelala kule juu atakusimulia baridi kabla ya lava. Basi mwulize mwanao: mguu upi ulikuuma? Nani alibeba maji? Harufu ya salfa ilikukohoza? Ulivaa koti gani? Mwache atafute majibu mwenyewe. Atafika mahali atanyamaza, kisha atakuambia "ilikuwa kwenye kaske", na hapo atakuwa amefanya jambo ambalo watu wazima wengi hatulifanyi: amerudi nyuma kutafuta alikoipata kumbukumbu yake.

Ukimwuliza maswali hayo utaona pia kilichoachwa nje. Kaske inachukua macho na masikio, basi. Uzito, ubaridi, harufu, uchovu, hofu ya kurudi gizani, vyote vimebaki mlimani. Sisi tunaoishi juu ya jiwe hili tunajua jinsi yasiyoonekana yanavyoweza kuwa na nguvu. Mazuku, ile hewa ya kaboni inayojikusanya mabondeni upande wa Mugunga na Bulengo, haina rangi, na imeua watu na mifugo mahali ambapo ukipiga picha utaona majani mazuri tu na ziwa nyuma yake.

Hata hivyo usiidharau mashine hiyo, kwa sababu mwili haungoji akili iseme. Katika jaribio la Chuo Kikuu cha North Carolina lililochapishwa 2002, watu wazima waliovaa kaske waliingizwa katika chumba chenye shimo refu katikati. Walijua sakafu ipo. Mapigo ya moyo yakapanda vilevile. Ndiyo maana madaktari wameigeuza kuwa dawa: tangu 1995 imetumika kutibu watu wanaoogopa vimo, na hospitalini Marekani wagonjwa walioungua wamevalishwa kaske yenye ulimwengu wa theluji wakati wa kusafishwa vidonda, na maumivu wanayoyahisi hupungua. Picha ya ukutani hukuambia jambo fulani lilitokea mahali fulani. Hii inakuambia limekutokea wewe, na mwili wako unatoa ushahidi kwamba ni kweli.

Wapo wanaoogopa kwamba watu watahamia humo na kuuona ulimwengu huu umepauka. Utafiti mmoja wa Kanada wa mwaka 2010 ulikuta kwamba watu, mara tu baada ya kuvua kaske, walihisi chumba halisi kimekuwa mbali nao kidogo. Silipuuzi. Ila kwa umeme wetu huu, Mama Mwalimu, sijui ni nani wa Goma atakayekaa saa sita ndani ya kaske.

Kinachonikera zaidi ni upande wa pili, wa wale wanaotutembelea sisi kwa kaske. Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ulitoa filamu ya namna hii kuhusu msichana wa Kisiria katika kambi ya Zaatari, Jordan, na waliohusika nayo wakasema chombo hiki kitaleta huruma duniani. Labda. Mimi nawaza mfadhili aliyeketi kwenye kiti cha ngozi, anayegeuza shingo katikati ya mahema, kisha anavua kaske kabla mvua haijanyesha na kuwaambia wenzake "nilikuwepo". Mwanao ana miaka 8, atajirekebisha. Huyo ana miaka 50 na saini ya bajeti.

Tuje kwa baba.

Baba ana hoja, tusimdharau. Zamani kidogo, kwenye studio za picha za Goma na Bukavu, mteja alisimama mbele ya kitambaa kilichochorwa ndege au jumba la ghorofa, akapigwa, akamtumia mchumba. Hakuna aliyedanganyika. Kartie nzima ilikijua kitambaa kile. Uongo ulikuwa wa makubaliano. Kilichobadilika ni kwamba siku hizi kitambaa kimeingia ndani ya kamera na hakuna aliyetuambia.

Chukua simu yako upige picha kikombe kilicho mezani. Kihisi kilicho nyuma ya lenzi hakijui rangi, kinapima mwanga tu. Ili kipate rangi, kila nukta yake imefunikwa kichujio cha rangi moja: nusu ya nukta ni kijani, robo nyekundu, robo buluu. Mpango huo ni wa Bryce Bayer, mhandisi wa Kodak aliyepewa hataza mwaka 1976. Maana yake, kila nukta inajua rangi moja kati ya tatu, na mbili zilizobaki programu inazikadiria kwa kutazama nukta za jirani. Yaani theluthi mbili za rangi unazoziona kwenye kikombe chako ni hesabu. Juu ya hapo simu nyingi hupiga picha kadhaa kwa mfululizo na kuzichanganya, hung'arisha uso, hulainisha ngozi, huondoa chengachenga za usiku. Mnamo Machi 2023 mtumiaji mmoja wa intaneti alichukua picha ya mwezi, akaiharibu makusudi mpaka ikawa ukungu, akaiweka kwenye skrini ya kompyuta, akazima taa na kuipiga kwa simu ya Samsung. Simu ikamrudishia mwezi wenye mashimo na milima ambayo haikuwemo katika kile kilichokuwa mbele yake. Kampuni ikaeleza kwamba akili mnemba inautambua mwezi na kuuongezea undani.

Halafu kuna picha ambazo hazina kamera kabisa. Programu za kuunda picha zinafunzwa kwa idadi kubwa mno ya picha zilizokusanywa mtandaoni pamoja na maneno yaliyoambatana nazo. Ukiipa ombi, inaanza na chengachenga tupu na kuziondoa hatua kwa hatua mpaka zibaki sura zinazolingana na ulichoomba. Inajua vitu vilivyopigwa picha sana, na Goma si miongoni mwao. Nilipoiomba mtaa wa Goma ilinipa vumbi jekundu na mti wa savana. Wewe unayefuta vumbi jeusi madirishani kila siku ungecheka. Mtu wa Kinshasa asingecheka, angeisambaza.

Kwa hiyo baba anaposema picha inaweza kudanganya, yuko sawa. Tatizo ni hatua anayochukua baada ya hapo. Anadhani zamani picha ilijithibitisha yenyewe na sasa imepoteza uwezo huo. Haikuwahi kuwa nao, na historia ya nchi yetu ndiyo mfano mzuri kuliko yote.

Mwezi Mei 1904, kituo cha Baringa, eneo la Équateur la wakati ule, baba mmoja aitwaye Nsala alifika kwa wamisionari Waingereza akiwa na kifurushi cha majani. Ndani mlikuwa na mkono na mguu wa binti yake mdogo, Boali, aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira, ABIR. Mmoja wao, Alice Seeley Harris, akamwomba aketi ukingoni mwa baraza, akaviweka vile viungo mbele yake, akapiga. Itazame picha ile kwa jicho la leo: imepangwa. Mtu ameketishwa, vitu vimewekwa, lenzi imeelekezwa. Anayetaka kuikataa angepata pa kushika, na watu wa mfalme Leopold wa Ubelgiji, aliyeimiliki Kongo siku zile, walijitahidi sana kukanusha habari za Kongo.

Lakini picha ile ilikuwa na watu nyuma yake. Kulikuwa na baba mwenye jina, mtoto mwenye jina, kituo kinachojulikana, siku inayojulikana, na mwanamke aliyezunguka Uingereza na Marekani pamoja na mumewe wakiionyesha kwa taa ya picha na kusema tulikuwepo. Mwaka uleule ripoti ya konsuli wa Uingereza, Roger Casement, ilichapishwa ikisema mambo yaleyale kutoka vijiji vingine. Mwaka 1908 Leopold alinyang'anywa Kongo ikawa koloni la Ubelgiji, ambalo, najua, lilikuwa na mabaya yake. Ninachosema ni kwamba karatasi peke yake isingefanya kitu. Watu waliamini kwa sababu ungeweza kuuliza maswali na kumpata wa kuyajibu.

Sasa angalia kinachotokea maswali yakikosa wa kuyajibu. Oktoba 2018 rais wa Gabon, Ali Bongo, alipatwa na kiharusi akiwa Saudi Arabia. Kwa wiki nyingi serikali ilisema machache, na machache hayo yalipingana. Mwaka mpya wa 2019 ukaingia na video fupi ya rais akitoa salamu, macho yamekaza, mkono mmoja hautikisiki. Watu wakasema hii ni ya kompyuta, rais amekufa. Tarehe 7 Januari kikundi cha wanajeshi kikateka redio ya taifa na kutangaza mapinduzi, wakisema hotuba ile imezidisha shaka. Walishindwa siku hiyohiyo. Hakuna ushahidi thabiti uliopatikana kwamba video ilighushiwa, na Ali Bongo alikuwa hai. Video huenda ilikuwa halali kabisa, na bado ikachochea jaribio la kuangusha serikali, kwa sababu ilifika mahali ambapo imani ilikuwa imeshakauka.

Wanasheria wawili wa Marekani, Bobby Chesney na Danielle Citron, walionya kwamba teknolojia hii itamnufaisha mwongo mara mbili: atatengeneza picha ya uongo, na akinaswa kwenye picha ya kweli atasema ni ya uongo. Kwa watu wa Kivu hiyo faida ya pili ndiyo inayouma. Aliyechoma kijiji hahitaji tena kuficha. Anahitaji tu watu kama baba wa mwanao, wengi, kila mmoja akifuta kwenye simu yake.

Nami nina jambo la kumwonyesha, lililotokea Bukavu. Septemba 2018 mahakama ya kijeshi ya Kivu Kusini iliwahukumu wakuu wawili wa kundi lenye silaha la FDLR kifungo cha maisha kwa uhalifu dhidi ya binadamu, kwa mauaji ya mwaka 2012 katika vijiji vya eneo la Kalehe. Kati ya ushahidi uliowekwa mbele ya majaji kulikuwa na picha zilizopigwa kwa simu, za makaburi ya pamoja na makovu ya walionusurika. Zilipigwa kwa programu iitwayo eyeWitness to Atrocities, iliyoanzishwa 2015 na chama cha kimataifa cha mawakili. Unapobonyeza, inaandika mahali kwa satelaiti, saa, na minara ya simu na mitandao ya karibu, kisha inapiga hesabu ya picha nzima na kutoa namba moja ndefu. Ukibadilisha hata nukta moja, namba haitalingana. Nakala inakwenda moja kwa moja kwenye hazina ambayo mpigaji mwenyewe hawezi kuichezea.

Majaji wa Bukavu hawakuamini picha kwa sababu ilikuwa kali au ya kusikitisha. Waliweza kuifuata kutoka kaburini mpaka mezani kwao bila kukuta pengo. Ni kazi ileile ya Baringa.

Ndiyo sababu nasikitika kwamba picha zetu nyingi zinasafiri kwa WhatsApp. Ikipita pale kama picha ya kawaida inabanwa ili iwe nyepesi, na habari za mahali na saa zinatolewa. Baada ya mikono mitatu hakuna ajuaye imetoka wapi. Ukitaka kuhifadhi kitu kwa ajili ya baadaye, kitume kama dokumenti, faili linafika lilivyo, na usifute la kwanza kwenye simu iliyopiga. Lakini uelewe vizuri: faili hilo linabeba pia mahali ulipokuwa umesimama. Mpe mtu unayemwamini na maisha yako, si kundi la watu 200. Katika hali yetu tangu mji ulipotekwa Januari 2025 hilo si neno la kupamba.

Na baba afanye nini picha inapoingia? Aanze na barabara. Kongo magari yanapita kulia, Uganda na Kenya na Tanzania kushoto. Usukani usimdanganye, maana Goma imejaa magari yenye usukani wa kulia. Atazame kuta na ardhi: jiwe jeusi, vumbi jeusi. Mabango ni ya Kifaransa au Kiingereza? Ametokea mtu na chukudu, kile chombo chetu cha mbao cha magurudumu mawili? Kama anazo megabaiti, aipeleke kwenye Google aitafute kwa picha aone kama ilishazunguka miaka iliyopita. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka na lava ikatelemka hadi Buhene, kwenye simu yangu ziliingia picha za mwaka 2002, zenye lava katikati ya mji, zikisemwa ni za saa ileile. Zilikuwa picha za kweli kabisa, za Goma kabisa, bila akili mnemba yoyote. Tarehe ndiyo iliyokuwa ya uongo, na kwa mtu anayeamua akimbilie Sake au Gisenyi, tarehe ndiyo kila kitu.

Ila yote hayo ni ya picha zisizo na mwenyewe. Ya shemeji ni jambo lingine, na hapa sitamung'unya maneno. Shemeji yupo kijijini, ana namba, ana sauti ambayo baba anaijua tangu siku ya mahari. Anapoifuta picha yake hajaikataa picha, amemkataa shemeji. Ampigie. Amwulize: umepiga wewe au umetumiwa? Ulisimama wapi? Nani mwingine aliona? Kama shemeji atasema "nimetumiwa na mtu sijui", basi, iishie hapo, isitumwe kwingine wala isitangazwe kuwa ya uongo. Kama atasema "mimi ndiye niliyepiga, nyuma ya nyumba ya fulani", baba sasa anajua jambo moja zaidi kuhusu ulimwengu, na shemeji anajua kwamba kuna mtu mjini anayemsikia. Nadhani uchovu wa mumeo una sababu nyingine pia. Picha za vita kila asubuhi zinachosha moyo, na neno "akili mnemba" ni njia ya heshima ya kusema siwezi tena. Hilo ni haki yake. Aseme tu hivyo, "leo siwezi kutazama", kuliko kusema halikutokea.

Imebaki ya kijana wa kaske. Mimi ningemkubalia, kwa masharti. Asivalishe watoto wa darasa la kwanza mpaka la tatu. Watengenezaji wenyewe huweka umri wa chini: Meta ilikuwa miaka 13, mwaka 2023 ikateremka hadi 10 kwa ruhusa ya mzazi. Lenzi zimepangwa kwa umbali wa macho ya mtu mzima, milimita 63 hivi, na macho ya mtoto yamekaribiana kuliko hapo. Kwa hiyo hata mwanao apumzike miaka miwili. Darasa la sita wanaweza, wakiwa wameketi, dakika tano au kumi kila mmoja, na mwalimu mmoja pembeni kwa sababu wapo watakaotapika. Kaske ipanguswe kwa dawa baada ya kila uso. Mji uliopitia mpox hauhitaji kuelezwa kwa nini, na homa ya macho nayo haijaenda popote. Wakimaliza, kila mwanafunzi aandike nusu ukurasa wa alichokiona na nusu ukurasa wa ambacho mtu aliyefika kweli angekihisi na yeye hakukihisi. Na bei aipatane na mkuu wa shule, si na watoto mlangoni.